Maji Yalikuwa Yangu

Tulikuwa watu watano siku ile, na nitawataja wote kabla sijasema lolote, ili ukitaka kuuliza ujue wa kumwuliza. Nilikuwepo mimi. Alikuwepo binti yangu Amoni, mzaliwa wangu wa tatu, ambaye wakati huo alikuwa na kibanda cha chai Kakuma, upande wa mji, si ndani ya kambi. Alikuwepo Nyandeng, mwanamke wa Sudan Kusini, mkimbizi, rafiki wa Amoni na wa nyumba yetu yote. Alikuwa akishona mashuka ya maua ambayo wao wanayaita milaya, na kuyauza sokoni kambini. Alikuwepo Lopeyok, mtoto wa marehemu shemeji yangu, mvuvi wa Longech, mwenye boti. Na alikuwepo Ewoi, askari wa wanyama aliyekuwa zamu kisiwani, ambaye mimi na mama yake Nakiru tulichunga mbuzi pamoja tukiwa wasichana. Hao ndio. Wa sita alikuja mwenyewe, na jina lake silijui.

Yaliyotokea yalitokea. Mimi ni mzee, shule niliishia darasa la pili, lakini kichwa changu hakijamwaga jina la mtu hata mmoja. Sikuwa na homa, sikuwa nimekunywa kitu, na wala haukuwa usiku. Watu hudhani mambo haya hutoka gizani. Hili lilinijia saa saba mchana, jua likiwa juu ya utosi, mahali ambapo hakuna hata mti wa kukudanganya kwa kivuli. Ningependa iwe ndoto. Ndoto mtu huamka.

Ilikuwa mwaka wa 2012, kuelekea mwisho. Nyandeng alikuwa anajiandaa kurudi kwao. Nchi yao ilikuwa imepata uhuru, na watu wake walikuwa wakimwita aje kulima shamba la baba yake kando ya mto. Aliingia Kakuma akiwa mtoto wa miaka tisa, kwa miguu, akakulia pale, akamzika mama yake pale. Miaka yote hiyo hajaliona ziwa letu. Siku moja akamwambia Amoni, nitaondokaje Turkana sijaiona Turkana yenyewe? Amoni akaniletea maneno hayo Lodwar, nami nikasema basi, tumpeleke Kisiwa cha Kati, kule kwenye hifadhi, akaone maziwa yaliyo ndani ya ziwa. Mimi mwenyewe nilizaliwa Longech na sikuwahi kupanda kile kisiwa. Wazungu hutoka mbali kuja kukitembelea, sisi tunakitazama tu kwa mbali kama jirani tajiri.

Sasa nikuambie Nyandeng alikuwa nani kwangu, kwa sababu bila hilo huwezi kujua uzito wa kosa langu. Mwaka uliotangulia ulikuwa wa ukame. Mbuzi wangu kumi na mmoja walikufa, wakabaki wawili. Nilikuwa nikienda kukaa kwa Amoni Kakuma na kupeleka kuni kambini kichwani, na mlango wa kwanza niliobisha hodi ulikuwa wa Nyandeng. Alinunua kuni, kisha akaniita ndani, akanipimia mtama wake wa mgao kwenye kitambaa na kusema niwapelekee wajukuu. Akafanya hivyo wiki baada ya wiki. Alikuwa akiniita mama. Na mimi, niseme ukweli wangu, nilikuwa nikitoka pale nikiwa na mtama wake kichwani, nikikutana na wanawake wetu njiani, tunasema yale yanayosemwa: wakimbizi wamemaliza miti yetu, wakimbizi wanakula bila jasho, wakimbizi wana roho ngumu. Nilisema hayo nimeshiba chakula chake.

Nyandeng akapata karatasi ya ruhusa ya kutoka kambini, wakaja na Amoni hadi Lodwar. Kesho yake tukapanda pikapu hadi Kalokol, tukavuka kwenda Longech, tukalala kwa Lopeyok. Asubuhi upepo ulikuwa mkali, tukangoja utulie. Ulipotulia tukaingia botini. Nyandeng ni mrefu, mrefu sana, na Lopeyok hakuweza kunyamaza. Akamwambia, "Dada, kaa chini kabisa. Ukisimama hivyo wewe ni mlingoti, upepo utatupeleka Ethiopia hatuna pasipoti."

Nyandeng akamjibu, "Wewe shika injini. Mimi nimevuka Nile na viboko wakiniangalia. Wewe unaogopa upepo."

Tukacheka hadi Amoni akalowa kwa mawimbi bila kujali. Ninakumbuka kicheko kile kuliko ninavyokumbuka njia. Ilikuwa mara ya mwisho.

Ewoi alitupokea ufukweni. Mchanga wa kule ni mweusi, na mawe yake ni kama mawe yaliyotoka jikoni, mepesi, yana vitundu. Mahali pengine moshi unatoka chini wenyewe, unanuka kama yai lililooza. Akatueleza kwamba tutapanda ukingo, na kwamba juu tutaona maziwa matatu yamekaa ndani ya mashimo ya mlima kama uji ndani ya bakuli: moja la mamba, moja la ndege wale wekundu, moja la samaki. Akatazama miguu yangu, akaniuliza kwa heshima, "Ata, utaweza?" Ata ni nyanya kwa lugha yetu. Nikamwambia nilimbeba mama yake mgongoni alipoumwa na nge, nitaubeba mwili wangu mwenyewe. Kisha akatuonya kuhusu maji. Kisiwa kimezungukwa na maji, kimejaa maji ndani, na maji ya kunywa hakina. Yale ya ziwa kubwa wavuvi huyanywa, lakini yana magadi, na mtu wa Lodwar aliyezoea maji ya mto Turkwel yanamgeuza tumbo.

Mimi nilikuwa nimekuja na maji yangu. Jerikeni ya lita tano, ya manjano, nimeifunga gunia lililoloweshwa ili yabaki baridi. Maji ya kisima cha nyumbani kwangu, nimeyachota mwenyewe. Amoni na Nyandeng walikuwa na chupa zao ndogo, na kabla hatujafika nusu ya mlima walikuwa wamezimaliza. Nyandeng alipoona ninahema, akaichukua jerikeni mkononi mwangu akasema, mama, wewe beba miguu, mimi nibebe maji. Akaiweka kichwani akapanda nayo.

Shika hilo vizuri: maji yalikuwa yangu, aliyebeba alikuwa yeye.

Tulifika juu. Sitaki kukudanganya kwamba sikufurahi. Upande huu ziwa la kijani, kijani cha majani ya mwanzo wa mvua, limetulia bila kukunja hata uso. Upande ule ziwa jingine, na ukingoni mwake mstari wa waridi, ndege elfu kwa elfu. Nyandeng alisimama akaweka mikono miwili kichwani kama mtu aliyepewa habari. Amoni akataka kushuka kuona mamba kwa karibu, na Ewoi akasema yeye lazima aende naye, hakuna kushuka bila askari. Lopeyok alibaki chini na boti. Kwa hiyo tulibaki wawili pale juu, mimi na Nyandeng, tumekaa chini ya jiwe lililokuwa na kivuli cha kutosha magoti tu. Tulikunywa. Jerikeni ikabaki nusu.

Hapo ndipo alipokuja.

Nilimwona akipanda kutoka upande wa ziwa la mamba, lakini si pale waliposhukia Amoni na Ewoi. Alikuja upande ambao hauna njia, ukuta mtupu wa mawe. Nikadhani ni mke wa mvuvi. Wavuvi wengine hujificha kule kwa siku kadhaa, hilo linajulikana. Alikuwa mwanamke wa umri wangu au kunizidi, amevaa ngozi ya mbuzi ya zamani, ile ndefu nyuma, na shanga shingoni za namna ambayo niliiona kwa nyanya yangu Apua na sijaiona tena. Nikajiambia, huyu ametoka wapi na vitu hivi? Lakini kilichonishika si mavazi. Ni ukimya. Yale mawe ukiyakanyaga yanalia kama vigae. Tangu tushuke botini tulikuwa tukitembea kwa kelele. Yeye alikuja hatua kwa hatua mpaka mbele yangu, na hakuna kilicholia.

Akanisalimu, "Ejoka." Nikamwitikia, "Ejok." Alipofungua mdomo niliuona ulimi wake. Niamini mimi, ulikuwa mweupe na mkavu kama chumvi iliyokauka ukingoni mwa ziwa, na maneno yalipotoka yalitoka na vumbi. Sisemi kwa mfano. Vumbi lilitoka, nikaliona juani.

Akaniomba maji.

Sasa subiri, usije ukanihukumu kabla ya wakati, nitajihukumu mwenyewe. Kwetu maji hayanyimwi. Hata adui aliyekuibia ngamia akifika na kiu, unampa kwanza, mnapigana baadaye. Hilo nililinyonya kwa mama. Lakini pia kwetu chombo kina mwenyewe. Mke hamimini maji ya chombo cha mke mwenzake. Ukimkuta mtu ana kiu, na kibuyu kilichopo ni cha mwingine, unamwambia hiki si changu kutoa, mngoje mwenyewe. Na mwombaji hakasiriki na wewe. Anamgeukia mwenyewe, na neno lolote la baraka au la laana linakwenda kwa huyo.

Mimi nilifanya hesabu moyoni haraka. Jerikeni nusu. Njia ya kushuka. Jua. Amoni atarudi na kiu. Na huyu mwanamke, nikasema, si aende ziwani anywe kama wavuvi wenzake? Hayo ndiyo niliyojiambia. Ulikuwa uchoyo tu, umevaa nguo.

Akauliza tena, taratibu, kwa lugha yetu, "Maji haya ni ya nani?"

Jerikeni ilikuwa kwenye miguu ya Nyandeng, mkono wake umeishika. Nikainua kidevu, nikamwelekeza Nyandeng, nikasema, "Ni ya huyu. Ni mkimbizi wa Kakuma. Hawa unawajua, hawatoi."

Nilisema kwa Ngaturkana. Nyandeng alijua Kiswahili cha kambini, Kiarabu cha Juba na lugha yao. Yetu alijua salamu tu. Yule mwanamke akamgeukia, akamtazama muda mrefu. Na Nyandeng alifanya nini? Alitabasamu. Akaweka mkono kifuani, akaitikia kwa kichwa mara mbili, ndiyo, ndiyo.

Ningeweza kusema wakati ule. Ulikuwepo wakati wa kutosha. Ningesema hapana mama, nimetania, maji ni yangu, kunywa. Nilitazama ndege.

Yule mwanamke akasema, "Basi kiu na ikae kwa mwenye maji."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayeweka mzigo chini. Akageuka, akarudi alikotoka, kule kwenye ukuta, na mawe hayakulia. Nilipoinuka kuchungulia, hakukuwa na mtu, na ziwa chini halikuwa na alama. Nyandeng akaniuliza mama yule anataka nini. Nikamwambia alikuwa anasalimia tu.

Amoni na Ewoi waliporudi nilimwuliza Ewoi kama kuna wavuvi kisiwani. Akasema wiki ile hakuna hata mmoja, amezunguka pwani yote asubuhi, na upande ule nilioonyesha hata mbuzi hawezi kupanda. Kisha akanitazama uso, akaacha kuuliza. Mtoto wa Nakiru, ana adabu ya mama yake.

Tukafungua jerikeni tunywe kabla ya kushuka. Amoni akanywa, nikampa Nyandeng. Akanywa, akanywa, hakuishusha mpaka ikaisha. Hakuwa mtu wa hivyo. Alikuwa mtu wa kuwapa wengine kwanza. Akajifuta mdomo, akaona aibu, akasema samahani mama, sijui nini. Chini ufukweni akapiga magoti akanywa ya ziwa, yale ya magadi, kwa viganja, mpaka Lopeyok akasema sasa dada ukiyamaliza tutarudi kwa miguu. Walicheka kidogo. Mimi sikucheka.

Haikuisha. Alikunywa Longech usiku kucha. Alikunywa Kalokol, alikunywa Lodwar. Tulimpeleka hospitali, wakampima sukari, wakampima damu na mkojo, wakasema hana ugonjwa. Na kweli ulimi wake ulikuwa umelowa, midomo mizuri, macho mazuri. Lakini ukimuuliza anasema, ni kama sijanywa tangu nizaliwe. Akarudi Kakuma. Kule maji ya bomba hufunguliwa kwa saa, watu hupanga mitungi foleni tangu alfajiri. Wewe fikiria mtu wa namna ile mahali pa namna ile. Majirani wakaanza kunung'unika kwamba anamaliza zamu za wengine. Hakuweza kukaa na sindano yake kwa saa moja. Maua ya mashuka yakaanza kutoka nusunusu. Amoni alikuwa akimwekea sufuria ya maji nyuma ya kibanda cha chai, na kila siku niliyopiga simu aliniambia, mama, bado.

Nilikwenda kanisani nikaomba. Niliomba kila kitu isipokuwa nilichokuwa nimefanya. Hicho nilikiruka kama mtu anavyoruka shimo. Mwishowe, na katekista wetu akisoma hapa anisamehe, nilipanda pikipiki kwenda Lorugum kwa mzee Lokeris, anayesoma kwa viatu. Ana viatu vya ngozi, huvirusha juu, na vinavyoanguka ndivyo anavyosoma. Nilimwambia nusu ya habari: nina mgeni, ana kiu isiyokwisha. Akarusha mara ya kwanza. Akarusha ya pili. Mara ya tatu viatu vyote viwili vilianguka pua zikinielekea mimi. Akaniuliza, "Maji yalikuwa ya nani?"

Hakungoja jibu. Akakusanya viatu vyake, akaniambia kiu hii imepewa mtu asiye mwenyewe, na hakuna mbuzi wa kuchinja wala mti wa kuchemsha. Mwenye maji ni lazima asimame mbele ya aliyesingiziwa, amwambie kwa mdomo wake, sikioni, kwamba maji yalikuwa yake. Basi. Neno moja. Nikauliza, na nikituma mtu? Akasema, ulituma mtu kukataa?

Kwa hiyo nilijua dawa. Nataka ulielewe hili: nilijua. Haikuwa mbali, haikuwa ngumu.

Nilikwenda Kakuma katikati ya mwaka wa 2013, nikiwa nimesikia kwamba Nyandeng amepata lori la kuondoka. Nilimkuta kwenye nyumba yake ya udongo, amefunga vitu vyake: cherehani hana, alikuwa mtu wa sindano, kwa hiyo vitu vyenyewe vilikuwa fundo moja la mashuka, sufuria, na mitungi minne ya maji. Minne. Mtu anahama nchi na mzigo wake mkubwa ni maji. Alikuwa amekonda. Alinikalisha kwenye kitanda, yeye akakaa chini, akanywa kikombe, akaniuliza habari za wajukuu mmoja mmoja kwa majina.

Nilianza. Nilisema, Nyandeng mwanangu, unakumbuka yule mama wa kule kisiwani. Uso wake ukafunguka. Akasema, "Yule mzee wa shanga? Mimi namkumbuka kila siku."

Nikamwuliza anamkumbukia nini.

Akasema, "Wewe ulimwonyesha mimi, hivi, na kidevu. Mimi sikusikia lugha, lakini nilijua. Ulikuwa unamwambia, huyu ni mtoto wangu. Ndiyo nikaitikia. Mama, toka mama yangu afe, hakuna mtu alikuwa amenionyesha mtu hivyo."

Kisha akanywa kikombe kingine, akitabasamu.

Nyinyi mngesema? Niambieni. Nilitazama mitungi ile minne. Nilijua nikisema, kiu itamwachilia, na papo hapo nitamnyang'anya kitu alichokuwa amekishika miezi yote hiyo. Hivyo ndivyo nilivyojitetea, kwamba ninamhurumia. Lakini nimekuwa na miaka ya kufikiri, na naona haikuwa huruma. Nilitaka kubaki mama yake machoni pake. Uchoyo ule ule, umevaa nguo nyingine. Nikamwambia, ndiyo, ndivyo nilivyomwambia.

Lori liliondoka asubuhi yake, njia ya Lokichogio. Alikaa nyuma, juu ya magunia, mitungi imemzunguka kama watoto. Alipunga mkono mpaka vumbi likamchukua.

Mwisho wa mwaka ule ule vita vikaanza tena kwao. Watu wakarudi Kakuma kwa maelfu, wengine ni wale wale tuliowaaga. Nilikaa kwa Amoni miezi miwili. Kila siku nilikwenda pale wageni wanaposhukia, nikiuliza, kuna Nyandeng, mrefu, mshonaji wa milaya, anayekunywa maji sana? Siku nyingi hakuna anayemjua. Kisha siku moja mwanamke mmoja aitwaye Adut, mwenye mtoto mgongoni, akanishika mkono akasema, yule wa maji? Wa kijiji chetu.

Adut aliniambia kwamba bunduki zilipolia alfajiri, wote walikimbilia porini, upande mkavu, kwa sababu pale ndipo pa kujificha. Nyandeng alikimbia nao kidogo, kisha akasimama. Walimvuta mkono. Akasema huko hakuna maji, sitafika. Akarudi kuelekea mtoni. Waliokuwa wakipiga risasi walikuwa wakitokea huko huko. Adut hakumwona tena. Alisema pia kwamba wengine walipata mitumbwi wakavuka ng'ambo, kwa hiyo huenda. Alisema huenda kwa sababu aliona uso wangu.

Mimi tangu siku ile ya kisiwani sijawahi kuhisi kiu. Sijakuambia hili kwa sababu ni gumu kuaminika, lakini Amoni yupo, mwulize. Nakaa juani Lodwar, unakujua Lodwar kulivyo, kutwa nzima, na koo langu limetulia kama la mtu aliyetoka kunywa. Mara mbili nimeanguka nikabebwa hospitali, wakanitundikia maji kwenye mshipa, wakanigombeza, nyanya kwa nini hunywi? Ninakunywa kwa kukumbushwa. Amoni hupiga simu saa nne na saa tisa, kunywa mama. Ninakunywa, na maji hayana ladha ya kitu, ni kama kumeza upepo. Kiu yangu iko kwa mtu mwingine. Aliichukua kwa tabasamu, akidhani ni zawadi.

Nimeweka mtungi mkubwa nje ya uzio wangu, na kikombe. Anayepita anakunywa, Mturkana, Msomali, mtu wa kambini, mlevi. Usinisifu. Haurudishi kitu. Ninachokuomba wewe unayesoma ni hiki: akija mtu, popote, kisiwani au mlangoni pako, akakuuliza kitu hiki ni cha nani, na ni chako, sema ni changu. Mpe au mnyime, lakini sema ni changu. Usimwinulie mwenzako kidevu. Hasa yule asiyejua lugha yako, maana yeye ataitikia.

Nimeandika kama ninavyokumbuka. Lopeyok husema siku ile tulingoja upepo hadi saa nne, mimi nadhani ilikuwa saa tatu. Ewoi amehamishwa, sikuweza kumwuliza kuhusu ule ukuta wa mawe. Inawezekana nimekosea mwezi, au mitungi ilikuwa mitano. Nyinyi mnaojua, nisahihisheni, sitakasirika. Lakini kama yupo kati yenu aliyemwona Nyandeng ng'ambo ya mto, au kambi nyingine yoyote, mshonaji mrefu mwenye mitungi, asianze kwangu; najua Lokeris alikataa nitume mtu, lakini sijui pa kumtafuta. Amwendee yeye kwanza, ainame sikioni pake, amwambie kwamba maji yalikuwa yangu.